Kunduchi: ufukwe ulioanza kuliwa mtoni

Ukitoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, ukapita Mwenge na kuiacha Mbezi Beach mkono wako wa kulia, unavuka madaraja kadhaa ambayo abiria wengi wa daladala hata hawayatazami. Chini yake hupita mito ya Mbezi, Mdumbwi na Tegeta. Kiangazi ni vijito, na mahali pengine ni mchanga mkavu tu. Masika inafurika, maji yanakuja na rangi ya udongo yakikimbilia baharini. Kisa cha Kunduchi, kijiji cha pwani kaskazini mwa jiji ambako bahari imeula ufukwe, kinaanzia hapo darajani. Nalisema mapema kwa sababu tathmini nyingi za pwani huanza na bahari na kuishia na bahari, na Kunduchi ndipo mahali ambapo njia hiyo inapotea.

Njiani utapita kituo kinachoitwa Africana. Kondakta anaita jina hilo mara mia kwa siku, na vijana wengi wanaoshuka hapo hawajawahi kuiona hoteli iliyokipa jina. Hoteli Africana ilikuwa miongoni mwa zile zilizojengwa kwenye ukanda huu wa mchanga katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati fukwe za kaskazini mwa jiji zilipokuwa fahari ya utalii wa nchi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ilikuwa inakula ukingo waziwazi. Majengo yalipasuka, yakaachwa, yakaanguka. Soko la samaki la Kunduchi nalo lilipata mkasa wa aina hiyo hiyo, maji yalilifuata lilipo. Kijiji chenyewe ni cha kale: magofu yake ya msikiti, na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina, yanaonyesha kwamba watu waliishi hapa karne nyingi. Pwani iliyowavumilia wakazi muda wote huo ilibadilika ndani ya miaka kama ishirini. Ni nini kilichobadilika?

Mshitakiwa wa kwanza

Jibu la haraka leo ni mabadiliko ya tabianchi. Bahari inapanda, kwa hiyo ufukwe unarudi nyuma. Si uongo, lakini tufanye hesabu kabla ya kutoa hukumu.

Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, linakadiria kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 1.9 kwa mwaka kati ya 1971 na 2006. Kwa miaka thelathini hiyo ni karibu sentimita 6. Kwa fukwe za mchanga kuna kanuni maarufu aliyoipendekeza mhandisi Per Bruun mwaka 1962. Wengi wanaipinga, nami siiamini kwa kila mahali, ila inatosha kwa makadirio: bahari ikipanda sentimita 1, ukingo hurudi nyuma kati ya sentimita 50 na 100. Basi sentimita 6 zingeisogeza Kunduchi mita 3, zikizidi sana mita 6, kwa kizazi kizima. Hakuna aliyejenga hoteli ya kitalii mita 6 kutoka majini.

Kuna jambo jingine. Kipimo cha maji cha bandari ya Zanzibar, kilichoanza kurekodi mwaka 1984, hakikuonyesha bahari ikipanda katika miongo yake miwili ya mwanzo. Kilionyesha ikishuka kidogo, kwa sababu usawa wa bahari haupandi sawasawa kila mahali, pepo na joto la maji ya Bahari ya Hindi huusukuma huku na huko. Mwelekeo wa baadaye ni wa kupanda, na huko mbele hali itakuwa nzito zaidi: kasi ya dunia ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, na kama utoaji wa gesi zinazopasha dunia joto utaendelea kwa kiwango kikubwa sana, IPCC inatarajia kupanda kwa sentimita 63 hadi 101 ifikapo 2100. Bahari ya kesho ni hatari kweli. Lakini siyo iliyoiangusha Africana.

Hesabu ya mchanga

Ufukwe wa mchanga ni kama mtungi unaovuja. Hauishiwi maji mradi kuna anayeujaza. Kinachovuja hapa kinajulikana na kila mvuvi. Kusi likivuma, mawimbi yanaupiga ufukwe kwa mshazari kutoka kusini-mashariki, na kila wimbi linasogeza mchanga hatua moja kuelekea kaskazini. Kaskazi inapoingia, mwendo unageuka kwenda kusini, ila kwa nguvu ndogo. Ukijumlisha mwaka mzima, mchanga mwingi zaidi unaondoka kwenda kaskazini. Ni jambo la kawaida na limekuwapo siku zote.

Waliokuwa wakiujaza mtungi ni mito ile mitatu pamoja na midogo mingine. Kila masika ilishusha mchanga kutoka kwenye vilima vya nyuma ya pwani na kuumwaga ufukweni. Bahari ilichukua, mito ilirudisha.

Kisha jiji likaanza kukua. Nyumba za udongo na makuti zikapisha tofali za saruji, na tofali haitengenezeki bila mchanga. Mchanga mzuri, uliooshwa tayari na karibu na barabara ya lami, ulikuwa chini ya madaraja yale. Malori yakaingia mitoni. Vijana wenye sepeto wakapata riziki, mafundi wakapata mchanga wa bei nafuu, familia zikapata nyumba za kudumu. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 Dar es Salaam, na sehemu ya kuta zinazowahifadhi zilipaswa kuwa ufukwe wa Kunduchi. Siwalaumu wachimbaji kwa kutafuta mkate. Nalaumu kwamba miaka mingi hakuna aliyeuhesabu mchanga ule kama mali ya pwani. Kwenye daftari la ujenzi ulikuwa malighafi ya bure, na kwenye daftari la utalii haukuwapo kabisa. Marufuku zilitolewa mara kadhaa, na malori yalihama kutoka mto mmoja hadi mwingine.

Upande wa bahari nako ulinzi ulipungua. Mbele ya Kunduchi kuna kisiwa cha Mbudya na Fungu Yasini, pamoja na miamba ya matumbawe inayovunja nguvu ya mawimbi. Visiwa hivi vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975, lakini uvuvi wa baruti uliendelea kuipasua miamba yake, na mwaka 1998 joto la maji lilifanya matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi kupauka na kufa. Mwamba uliokufa hauongezeki kimo. Bahari ikipanda juu yake, mawimbi yanapita na nguvu zao.

Wenye mali walipoona maji yanakuja, walifanya ambalo yeyote angelifanya: walijenga. Wengine walijenga kuta sambamba na ufukwe, wengine walisukuma kuta za mawe kuingia baharini ili kuukamata mchanga unaopita. Kuta hizi hufanya kazi, na hapo ndipo penye tabu. Mchanga unajikusanya upande wa kusini wa ukuta, na aliye kaskazini anakosa uliokuwa unamfikia. Naye anajenga wake. Njaa ya mchanga inahama kutoka uwanja hadi uwanja mpaka imfikie asiye na pesa ya mawe, ambaye mara nyingi ni mvuvi anayehitaji mahali pa kupandishia ngalawa.

Fahirisi ingesema nini?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuipima hatari ya pwani kwa namba moja, yaani fahirisi, ndiyo kazi inayofanywa sasa pwani nyingi za dunia, na vijana wetu vyuoni wanafundishwa kuifanya. Njia inayotumiwa sana ni ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, iliyotoka mwaka 1999 kwa ajili ya pwani ya Atlantiki. Unaipa kila sehemu ya pwani alama 1 hadi 5 katika mambo sita: aina ya pwani, mteremko wake, kasi ya kupanda kwa bahari, kasi ya ufukwe kurudi nyuma au kujaa, tofauti ya maji kupwa na kujaa, na kimo cha mawimbi. Unazidisha alama zote, unagawanya kwa sita, unatafuta kipeuo cha pili. Namba kubwa ni hatari kubwa.

Nimeijaribu Kunduchi, na alama za mteremko na mawimbi nimeziweka mwenyewe kwa makadirio. Kwa hali ya sasa: ufukwe wa mchanga 5, mteremko 4, kupanda kwa bahari 5, kurudi nyuma 5, maji kupwa na kujaa 3, mawimbi 3. Jibu ni karibu 27. Sasa rudi mwanzoni mwa miaka ya 1970, malori yakiwa tayari yanaingia mitoni lakini ufukwe bado umetulia. Kupanda kwa bahari kunapata 2, mabadiliko ya ufukwe 3, mengine yanabaki. Jibu ni karibu 13, nusu ya lile la kwanza. Mtaalamu aliyepita wakati huo na karatasi yake angeondoka akiamini mahali hapa pana nafuu, ilhali sababu ya kuanguka kwa Africana ilikuwa ikipakiwa kwenye lori kilomita chache nyuma yake.

Kasoro haiko kwenye kuzidisha. Hakuna hata jambo moja kati ya sita linalouliza mchanga unatoka wapi. Njaa ya mchanga inaonekana tu kupitia ufukwe kurudi nyuma, yaani baada ya ardhi kuondoka.

Mikoko inaonyesha upofu wa pili. Katika jedwali hilo, mikoko, miamba ya matumbawe na fukwe za mchanga zote hupata 5, kwa kuwa zote ni pwani laini au za chini. Ukate mikoko yote ya mlango wa kijito cha Manyema pale Kunduchi, alama ya aina ya pwani haitatikisika. Njia za baadaye zimejirekebisha. Programu ya InVEST, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, huhesabu mikoko na matumbawe kama kinga, hivyo kuviondoa kunaongeza hatari. Ukanda uleule wenye msitu wa mikoko unaweza kutoka na hukumu mbili zinazopingana, kutegemea chombo ulichoshika. Mwanafunzi anayeniletea ramani yenye rangi nyekundu na kijani namwuliza kwanza: mikoko umeiweka upande wa mshitakiwa au wa mlinzi?

Jambo la tatu ni maji kupwa na kujaa. Kwa jedwali hilo, pwani yenye tofauti kubwa ya maji ina nafuu, kwa sababu dhoruba ikija bila miadi kuna uwezekano mkubwa iyakute maji yamepwa. Hoja hiyo ina ukweli hata kwetu. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipofika Afrika Mashariki, maji yalikuwa yamepwa, na hilo lilipunguza maafa. Lakini Kunduchi hailiwi na dhoruba za ghafla. Vimbunga huku ni nadra: kile cha 1872 kilichoipiga Zanzibar na Bagamoyo bado kinakumbukwa kwa sababu hiyo, na Hidaya ya Mei 2024 iliwashtua wengi. Kinachoila ni bamvua, jambo lenye kalenda. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji hupita mita 3, na bamvua kubwa zaidi za mwaka huja karibu na Machi na Aprili, tena Septemba na Oktoba. Zile za kwanza hukutana na masika. Mto unataka kutoka, bahari inataka kuingia, na wakazi wa bondeni wanabaki katikati. Zikikutana na upepo wa kusi, mawimbi hupanda juu ya ufukwe na kufika mahali ambapo siku za maji mafu hayafiki. Bahari inayopanda sentimita chache inaongeza idadi ya siku kama hizo kila mwaka. Wastani wa mwaka hautakuonyesha hilo.

Picha ya satelaiti na saa ya maji

Bamvua hizo hizo huwatega wanaopima kwa picha. Ufukwe wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 30, maji yakishuka mita 3, mstari wa maji unasogea mita 90. Picha mbili za siku moja, asubuhi na mchana, zinaweza kuonyesha ufukwe uliopotea au kupatikana mita 90. Anayelinganisha picha ya miaka ya 1980 na ya leo bila kuangalia jedwali la maji anaweza kutunga mmomonyoko usiokuwapo, au kuficha uliopo. Hapa kwetu ni salama zaidi kufuata mstari wa mimea ya kudumu, pale majani na mivinje inapoanzia, kuliko mstari wa maji.

Urefu wa ardhi una mtego wake. Ramani nyingi za mafuriko zimetumia vipimo vya rada vilivyopigwa kutoka angani mwaka 2000, ambavyo mara nyingi husoma vilele vya miti na mapaa badala ya ardhi yenyewe. Penye minazi, mikoko au nyumba zilizobanana, nchi huonekana imeinuka mita 2 au zaidi kuliko ilivyo. Ukiamini ramani hiyo utawaambia watu wamekaa juu ya maji, kumbe wamekaa sawa nayo.

Na bado makadirio makubwa yana kazi yake. Utafiti wa Kebede na Nicholls kuhusu Dar es Salaam ulikadiria kwamba watu 30,000 mwaka 2005 walikuwa mahali panapoweza kufikiwa na mafuriko ya bahari ya aina inayotarajiwa mara moja kwa miaka 100, na kwamba kufikia 2070 wanaweza kupita 210,000. Ongezeko hilo halitokani na bahari peke yake. Linatokana pia na sisi kuendelea kujenga mahali pale pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nzuri, lakini mita 60 kutoka wapi? Kunduchi ukingo wa mwaka ule si ukingo wa mwaka huu. Nyumba iliyojengwa kihalali leo inaweza kujikuta ndani ya mita 60 bila kusogea hata inchi.

Kama tathmini ingefanywa upya

Ningeomba fimbo mbili. Kuna njia ya zamani ya kupima ufukwe: fimbo mbili za urefu sawa zenye alama za sentimita, kamba ya umbali maalumu kati yake, na jicho linalolinganisha kilele cha fimbo na mstari wa upeo wa bahari. Watu wawili wanashuka kutoka kwenye mimea hadi majini, hatua kwa hatua, wakiandika. Wanafunzi wa sekondari ya Kunduchi wanaweza kuifanya wakati bamvua limepwa, mara moja kabla ya kusi na mara moja baada yake, mstari uleule kila mwaka. Miaka mitano ya vipimo kama hivyo ingetuambia kuhusu mchanga kuliko picha nyingi za bei ghali.

Ningekaa pia na wazee wa ufukweni. Mvuvi aliyepandisha chombo hapo miaka arobaini anajua mnazi wa mwisho ulikuwa wapi, kisima kipi kilianza kutoa maji ya chumvi, na ukuta wa nani ulipojengwa ndipo mchanga ulipokoma kwake. Maelezo hayo yana mahali na yana wakati, kwa hiyo yanaweza kuwekwa kwenye ramani kama kipimo kingine chochote.

Kuta sizikatai kila mahali. Ule wa Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018 kwa msaada wa Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi, unalinda barabara na taasisi ambazo haziwezi kuhama, na pale naona ulistahili. Kunduchi ni tofauti. Hapa ukuta unazuia bahari kuchukua ardhi iliyo nyuma yake, lakini haurudishi mchanga, na ufukwe uliobaki mbele yake huendelea kushuka mpaka siku ya bamvua mawe yenyewe yanaanza kuchimbwa chini.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa ningekiweka kwenye daraja la mto Tegeta. Alama ya rangi kwenye nguzo, kuonyesha kimo cha mchanga kitandani mwa mto kabla ya masika na baada yake, na mtu wa kuhesabu malori yanayotoka. Mchanga ukianza kupanda juu ya ile alama, ndipo ningerudi Kunduchi na fimbo zangu mbili kuona kama ufukwe umepata habari.